Mpima Maziwa Asiyekunywa Maziwa

Simu ililia wakati tui la nazi linaanza kutokota, na ndiyo maana Mziwanda aliipokea kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kukoroga. Aliyepiga ni kaka yake, ambaye alikesha hospitali akimuuguza baba yao.

"Usilete uji," kaka alisema.

"Hautaki? Mwambie leo nimeponda ndizi humo, sukari sijatia."

"Mziwanda. Usilete uji."

Hapo akaelewa. Hakupiga ukunga. Alisimama palepale jikoni, na kwa kuwa tui likiachwa bila kukorogwa hukatika, aliendelea kukoroga mpaka uji wa shayiri ukaiva sawasawa, mzito, unang'aa. Kisha akazima jiko, akaketi sakafuni na kulia mpaka jirani wa upande wa pili akaja kuuliza kulikoni.

Marehemu alikuwa mpima maziwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye lango la kupokelea mali la kiwanda cha maziwa, amevaa koti jeupe na viatu vya mpira, na hakuna dumu lililopita pale bila yeye kulifunua. Kwanza alinusa. Kisha akatumbukiza kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa, kile kinachomuumbua mtu aliyeongeza maji. Mwisho aliteka kijiko kimoja, akayazungusha mdomoni, akayatema kwenye ndoo. Yakiwa mazuri, fomu iligongwa muhuri wa kijani: PITISHA. Yakiwa mabaya, muhuri mwekundu: KATAA. Wafugaji walimwogopa kuliko ukame. Walimpachika jina la Kipimo, na jina lake la ubatizo likabaki likitumika kanisani tu.

Alipofika miaka arobaini, tumbo lilimgeuka. Akinywa chai yake ya maziwa alfajiri, ikifika saa nne tumbo limevimba kama puto, na ngurumo zinazotoka humo zilifika hadi ofisi ya mhasibu. Siku moja fundi wa mitambo alikuja mbio na spana mkononi, akipapasa mabomba kutafuta pampu iliyoharibika. Alipapasa hadi akamfikia Kipimo.

Daktari alimwambia kwamba shida ni maziwa.

"Maziwa ya nani?" Kipimo akauliza.

"Ya ng'ombe yeyote."

"Haiwezekani, daktari. Ninayokunywa nimeyapima mwenyewe."

Alirudi nyumbani akayapima tena, mara tatu, mke wake akiwa shahidi. Maziwa hayakuwa na dosari. Basi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumsingizia asiye na hatia, alichukua fomu ya kiwanda, mahali pa jina la mleta mali akaandika "Tumbo langu", akajaza harufu, uzito na tarehe, akalipiga tumbo lake muhuri mwekundu. Fomu hiyo aliibandika kwenye kabati la vyombo. Tangu siku hiyo hakumeza tena tone la maziwa. Kijiko cha kazini alikitema kwa uangalifu zaidi, akasukutua na maji.

Mtu mwingine angenuna. Kipimo alinenepa. Mkewe, Mungu amrehemu naye pia, alikuwa na mkono mwepesi jikoni, na wawili hao walifanya kifungua kinywa kuwa shughuli ya nyumba nzima. Uji wa shayiri ulipikwa kwa tui. Mkate wa kuchoma ulipakwa siagi ya karanga na kupangwa vipande vya ndizi. Keki ya machungwa ilikandwa kwa mafuta ya alizeti, ikatoka laini kiasi kwamba kisu kilizama chenyewe. Baada ya chakula cha mchana siku ya Jumapili, ndizi mbivu zilizogandishwa zilisagwa mpaka zikawa kama aiskrimu, au parachichi likapondwa na kakao na asali, kitu cha rangi ya tope ambacho watoto walikikimbia mara ya kwanza na kukipigania mara ya pili.

Vyote vilipimwa. Kipimo alitumbukiza kijiti chake kwenye tui, akakitazama kwa huzuni. "Kwa hesabu hii," alisema, "huyu ng'ombe alikufa mwaka jana." Halafu akaonja, akafumba macho, akagonga muhuri wa kijani kwenye pembe ya kitambaa cha meza, maana fomu zilikuwa mali ya kiwanda. Baada ya miaka michache kitambaa kilijaa mihuri, na mgeni mmoja aliogopa kuweka kikombe juu yake, akidhani ni nyaraka za serikali.

Kazini ndiko mambo yalikoharibika. Saa nne, wenzake walipokunywa chai nzito ya maziwa, Kipimo alifungua chupa yake ya tui na kipande cha keki, akala akitabasamu peke yake. Watu wana macho.

"Mbona anayepima hanywi?"

"Kuna kitu anakijua huyo."

Kila alipowaeleza habari za tumbo lake, walitazamana. Tumbo ndicho kisingizio hasa ambacho mtu mwenye siri angekitoa. Uvumi ukavuka lango ukafika madukani, na Meneja akamwita ofisini.

"Mzee wangu, siku ya wageni utasimama mbele ya watu unywe glasi moja. Moja tu."

"Nikinywa, bosi, wageni watasikia hotuba mbili. Yako na ya tumbo langu."

Meneja alizunguka meza mara mbili, akamwinamia. "Lile tui lako. Si na lenyewe ni jeupe?"

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya wageni Kipimo alisimama jukwaani na glasi ya tui baridi, akainywa yote, akaramba midomo. Watu walipiga makofi. Hakuwa akiigiza utamu, tui lilikuwa tamu kweli, na picha yake akiwa na masharubu meupe ilitundikwa langoni. Mwaka uliofuata wakamwomba tena. Alifanya hivyo miaka tisa, na kila mwaka, jioni ya siku hiyo, alipiga magoti kitandani muda mrefu kuliko kawaida.

Hatimaye alikwenda kwa mchungaji.

"Hilo tui lilikuwa la nani?" mchungaji akauliza.

"Langu."

"Basi hukuiba."

"Mchungaji, sikuja kwa habari ya wizi. Nimewadanganya watu kwa kunywa."

Mchungaji, ambaye hakuwahi kukutana na dhambi ya namna hiyo, alimwombea na kumwambia aseme ukweli atakapopata nafasi. Kipimo alistaafu kabla ya kuipata. Wiki moja kabla ya kufa alimshika Mziwanda mkono. Mziwanda ni fundi cherehani, mtoto wake wa mwisho, na tangu mama yao afariki ndiye aliyempikia.

"Siku ya kunizika, watu wale kama nilivyokula mimi. Na Meneja asije akasimama akasema nilikunywa maziwa yao. Sitaki kwenda mbele za Mungu na glasi ile mkononi. Umenisikia, mama?"

"Nimekusikia, baba. Nakuahidi."

Ahadi ni rahisi ukiwa wodini. Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, Shangazi aliwasili na masufuria matatu na sauti yake.

"Chai ya maziwa itatosha watu mia mbili?"

"Shangazi, hakuna chai ya maziwa. Baba aliagiza."

"We mtoto, umechanganyikiwa na msiba. Mtu alikuwa kiwanda cha maziwa miaka thelathini, halafu tumpe mchungaji chai ya rangi? Watasema tumembania kaka yangu hata kaburini."

Hawajamaliza, gari la kiwanda likapiga honi. Meneja alishuka na tai nyeusi, akatoa pole, na nyuma yake wakashushwa madumu manne ya maziwa, rambirambi ya kiwanda. Mkononi alishika karatasi yenye hotuba.

Sasa, katika nyumba ile maziwa hayakuwa yakiingia bila kupimwa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini hakuna aliyewahi kuivunja. Kaka aliinua dumu moja, akafika kizingitini, akalitua chini. Shangazi naye akasimama. Wote waliyatazama madumu, kisha wakatazama mlango wa chumba cha marehemu, kama wanaomsubiri atoke na koti lake.

"Nani atayapima?" Kaka akauliza kwa sauti ndogo.

"Yametoka kiwandani," Meneja akasema. "Yamepimwa."

"Na nani?" Shangazi akamuuliza.

Ikabidi aitwe mpima mpya, dada aliyefundishwa kazi na Kipimo mwenyewe. Alikuja na macho mekundu na kijiti kwenye mkoba. Waombolezaji waliacha kuimba wakasogea. Alinusa, akatumbukiza kijiti, akateka kijiko, akatema kwa adabu kwenye beseni. Mziwanda, na hili alilitubu baadaye, alikuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo kwamba maziwa yale yawe na maji.

"Mazuri sana," mpima alisema, akifuta machozi. "Angeyapenda. Namaanisha, angeyapitisha."

"Umeona?" Shangazi alimgeukia Mziwanda. "Una neno jingine?"

Hakuwa na kisingizio tena. Akamvuta Meneja mpaka mlango wa jikoni, Shangazi akiwafuata unyounyo.

"Bosi, kwenye karatasi yako umeandika kuhusu glasi?"

"Aya nzima. Ndiyo kumbukumbu nzuri kuliko zote."

"Ilikuwa tui. Wewe unajua, mimi najua. Baba alikufa akiiogopa hiyo glasi. Niliahidi haitatajwa, na niliahidi watu watakula alivyokula yeye. Ukiyasoma yale, nitasimama mbele ya watu nikukanushe, na sijawahi kusimama mbele ya watu."

Shangazi alikuwa ameshika mdomo. "Miaka tisa kaka yangu alikunywa nazi jukwaani?"

"Ndiyo, Shangazi."

Shangazi alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kicheko kikageuka kilio katikati bila kubadili mlio. Alipotulia alijifunga kanga upya kiunoni. "Nazi ngapi tunahitaji?" akauliza.

Meneja hakuahidi chochote. Aliondoka na karatasi yake, na Mziwanda hakujua atakuja na moyo gani.

Madumu yalipelekwa kwa majirani. Jumamosi asubuhi watu walipangwa kwenye viti vya kukodi, wakapewa uji wa shayiri wa tui, mkate wenye siagi ya karanga, na keki ya machungwa iliyokatwa vipande vikubwa. Wachache walinong'ona. Wengi walirudi na vikombe. Mfugaji mmoja mzee, ambaye Kipimo alimkatalia maziwa mara nyingi, alimwuliza Shangazi amechanganya maziwa ya ng'ombe gani, matamu hivi.

"Kula, shemeji," Shangazi alimjibu. "Ni utaratibu wa marehemu."

Meneja aliposimama kanisani, Mziwanda alishika ukingo wa benchi. Meneja aliikunjua karatasi, akaitazama, akaikunja.

"Marehemu hakuwahi kunywa maziwa yetu," alisema. "Yalimdhuru. Alikuwa akiyaonja na kuyatema, ili ninyi mnywe kwa amani. Glasi mliyomwona akinywa ilikuwa tui la nazi, na aliyemwomba afanye hivyo ni mimi. Alikataa, nikamsihi. Kosa ni langu. Naomba mnisamehe, naye namwomba Mungu amsamehe kama kuna la kumsamehe."

Kisha mtu wa nyuma alikohoa kama anayecheka, mwingine akafuata, na mchungaji mwenyewe akainamisha uso kwenye kitabu chake, mabega yakitikisika. Mziwanda aliliachia benchi.

Saa tano walimpeleka makaburini. Wanaume sita walibeba jeneza, kaka yake akiwa mbele upande wa kulia. Udongo ulikuwa mwekundu, umelowa kidogo kwa mvua ya jana. Mchungaji alisoma, akaomba. Jeneza liliteremshwa kwa kamba mbili, taratibu, likatua. Kaka alitupa udongo, Mziwanda akatupa udongo, Shangazi akatupa, kisha Meneja na mpima mpya. Wanaume walishika makoleo wakafukia kwa zamu mpaka kaburi likawa tuta. Akina mama waliweka maua, wakaimba wimbo mmoja. Mchungaji alitoa sala ya mwisho, watu wakasema amina, wakaanza kuondoka wawili wawili kuelekea barabarani.