Pengo la Chipu

Wanaomwita Scolastica "yule mama wa redio" waje kwangu niwaeleze. Mimi ni Bura, mtunza ghala la mahindi hapa Haydom, na siku alipoiokoa kompyuta ya mzani wetu nilikuwepo.

Scolastica alizaliwa Hirbadaw, akachunga ng'ombe wa baba yake, mzee Gidahosh, kabla ya kuwa fundi redio. Mzee alimfundisha kumtambua ng'ombe kwa pengo lililokatwa sikioni, maana rangi hufanana.

Mzani wetu unasomwa kwenye kompyuta ya zamani yenye kioo kinene na maandishi ya kijani. Ilipozimika, alikuja fundi wa mjini na chipu mpya nyeusi, yenye miguu arobaini, ile inayochora herufi zote kwenye kioo. Akaichomeka ndani ya kompyuta, kwenye safu ya chipu nyingine, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiwashe!" Ni Scolastica, aliyekuja kuazima bisibisi kwangu tu. "Kila chipu ina pengo upande mmoja. Wenzake wote wanatazama dirishani, huyu wako anatazama mlangoni. Umemgeuza. Ukiwasha, unamuunguza."

Fundi akainama, akatazama. Akaichomoa, akaigeuza, akawasha. Kioo kikawaka, namba za kijani zikajipanga.

"Dada, umesoma chuo gani?"

"Kwa Gidahosh, Hirbadaw."

Akaandika kwenye daftari lake. Mpaka leo anadhani ni chuo. Sijamsahihisha, kwa sababu hajakosea.