Radhi Nilizomwombea Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kiume anashona matundu ya vifungo. Ndiyo kazi yake tangu ana miaka kumi na tisa, na sasa kisogo kimeanza mvi. Kukata nakata mimi, mikono na kola anaunga fundi wa cherehani ya pili, mzee mwenye maneno mengi kuliko uzi, lakini shati halitoki dukani kwetu bila kupita kwa mdogo wangu. Mtu akituletea shati la kununua lenye tundu lililolegea, yeye hulisogeza karibu na pua, kisha husema, "Hili wamelifanyia haraka," kana kwamba ametukanwa yeye.

Sisi mafundi tuna tabia moja mbaya, niseme tu. Kitambaa cha mteja tunakibandika karatasi kwa pini, na badala ya jina tunaandika kasoro: Chongo, Tumbo, Yule wa Meno. Mteja haoni, sisi tunacheka, kazi inakwenda. Mdogo wangu peke yake hakukubali. Alikuwa anamfuata mteja hadi mlangoni na kalamu. "Jina lako kamili, tafadhali. La baba pia."

"Karani," mzee anamtania, "umesahau la babu!"

"La babu halihitajiki," anajibu, na wala hatanii.

Basi ndivyo alivyo. Hakutazami machoni. Ukimhamishia mkasi, siku yake imeharibika. Fundi wa mageti ng'ambo ya barabara akianza kukata chuma, mdogo wangu huziba masikio na kuyumba kitini, mbele na nyuma, mpaka kelele ziishe. Na swali lolote analijibu kwa ukweli. Mama mmoja alijigeuza mbele ya kioo akamuuliza kama gauni limempendeza. Akamwambia halijampendeza.

Kwa hiyo mimi niliwahi kabla mambo hayajaharibika. Mteja hajakaa, nishamwambia, "Usimjali mdogo wangu, hazimo zote. Ana akili ya mtoto." Nilisema hivyo kama wengine wanavyosema karibu. Nilimkuta mama yetu akifanya hivyohivyo. Majirani walikuwa wanamwita mtoto zezeta, taahira, punguani, basi mama akaona heri aseme yeye kwanza, tena la kulainisha, wakose la kuongeza. Alipokufa niliirithi cherehani, na hiyo kazi ya kuomba radhi nayo nikairithi. Na mdogo wangu mwenyewe yuko hatua mbili, kichwa kimeinamia kitambaa. Sikuwahi kujiuliza kama anasikia, na kiziwi si yeye.

Siku moja nilimpeleka kliniki kwa ajili ya jipu. Muuguzi akamtazama kwa muda, akaniuliza maswali mengi ya utoto wake, tukarudi apimwe mara mbili tatu. Mwisho akaniambia, "Dada, hii inaitwa usonji. Siyo ugonjwa, siyo wazimu. Amezaliwa hivyo, akili yake inapokea mambo kwa njia yake. Watu wakikuuliza, sema mdogo wangu ana usonji, kisha sema anachohitaji. Au mwache aseme mwenyewe."

Nikasema asante. Lile neno nikalitia mkobani pamoja na dawa ya jipu, dawa ikaisha, neno likabaki humo. Nilijiambia ni geni, wateja hawatalielewa. Hazimo zote wanaielewa wote.

Ndipo tukaajiri dada wa kupiga pasi. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mcheshi, anayeimba akifanya kazi na sauti hana. Siku ya kwanza nikamwambia maneno yangu yaleyale. Akaweka pasi pembeni.

"Hazimo zipi?"

"Akili, mama. Utaona mwenyewe."

"Basi nitamuuliza mwenyewe." Akamgeukia. "Kaka, nikiimba nakuudhi?"

Mdogo wangu akafikiri. "Ukiimba polepole hapana. Ukiimba kwa nguvu, naumia hapa." Akagusa sikio.

"Na mbona hunitazami?"

"Nikikutazama, maneno yananipotea."

"Haya, tazama vifungo. Mimi nitazungumza na sikio."

Mzee wa cherehani ya pili akacheka mpaka uzi ukakatika. Lakini kuanzia siku ile mdogo wangu alisema maneno mengi kwa wiki moja kuliko niliyoyasikia mimi kwa mwaka. Miezi minane baadaye akaja kusimama mbele yangu, macho kwenye kola niliyokuwa nakata.

"Dada, nataka kumuoa. Nimemuuliza, amekubali. Watu wake wanataka kuniona kwanza."

Sikulala kwa furaha. Sikuwahi kumwazia mke, Mungu anisamehe, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaolewa na kuachika.

Wakaja siku ya mapumziko, yule dada wa pasi na shangazi yake na mjomba wake, tukawakaribisha chumba cha nyuma ya duka. Mdogo wangu alikuwa ameandika karatasi ya kusoma, ameifanyia mazoezi wiki nzima. Akasalimia vizuri. Mjomba akasema, "Haya kijana, tueleze habari zako." Akaikunjua karatasi, na palepale ng'ambo ya barabara fundi wa mageti, asiyejua mapumziko ni nini, akaanza kukata chuma.

Karatasi ikaanguka. Mdogo wangu akaziba masikio, akaanza kuyumba.

Na mimi mdomo ukafunguka kwa mazoea. "Msimjali, hazimo zote. Ana akili ya mtoto tu."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Akili ya mtoto?"

"Lakini hana madhara," nikaongeza haraka. "Hajawahi kumdhuru mtu." Kama ninamsifia mbwa.

"Na mtoto anaoa?"

Yule dada wa pasi akainuka. "Shangazi, sivyo. Ni kelele zinamuumiza, zikiisha—"

"Kaa. Aliyemlea ndiye amesema."

Kelele zikaisha. Mdogo wangu akaokota karatasi, akaanza juu kabisa. Wageni walikuwa wameshashika mikoba, yeye anasoma. "Nina miaka thelathini na minne. Nashona matundu ya vifungo. Nikinyamaza sijakasirika. Kila siku nitamuuliza kama amechoka, na akichoka nitapika mimi." Akasoma mpaka mstari wa mwisho. Mlangoni hapakuwa na mtu tena.

Siku ya tatu nikaenda kwao na lile neno la muuguzi. Nikalieleza lote, usonji ni nini, anahitaji nini, kazi yake ilivyo. Shangazi alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia.

"Bibie," akasema, "juzi hakuwa na usonji, leo umeutoa wapi? Siku ile ulisema lililo moyoni mwako. Leo umekuja na la kliniki. Mimi niamini lipi?"

Nikaaga. Binti wao walishampeleka kwa kaka yake, mji mwingine, safari ya siku mbili. Nguo zake za kazi alikuja kuzichukua mtu baki.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa ameacha kazi katikati ananisubiri.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa."

"Kwa sababu ya kelele?"

Ningeweza kumdanganya, na angeniamini, maana yeye huamini anachoambiwa. "Kwa sababu yangu. Kwa nilivyokusema."

Akarudi kwenye vifungo vyake. "Unasema hivyo kila siku. Nilidhani ni maneno ya dukani tu. Sikujua ndivyo unavyoniona."

"Sivyo ninavyokuona, mdogo wangu."

"Basi kwa nini ulisema?"

Nilitaka kumwambia habari za mama na majirani. Nikaona nayo ni radhi nyingine, safari hii ya kujiombea mwenyewe.

"Mgeni wangu akija tena," akasema, "usiseme wewe. Nitasema mwenyewe."

Nikamwambia sawa. Huu ni mwaka wa saba, na mgeni wake hajaja.