Tiketi ya Mwalimu

Kwa miaka mingi nilikuwa mwenyekiti wa kaunti wa chama ambacho majirani zangu wa mtaa wa Huruma walidhani kinauza maziwa. Nembo yetu ilikuwa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, na fundi aliyetuchorea mlangoni pa ofisi alikichora vizuri mno. Waliokuja kusaga mahindi kwenye kinu cha mlango wa pili walikuwa wakichungulia kuuliza kama mursik iko tayari. Nami, nikiwa ndani ya koti langu la suti, niliwajibu kwamba hiki ni chama cha kitaifa. Waliomba radhi, wakaenda zao bila kujiandikisha.

Mikutano ya kamati ilihudhuriwa na watu wawili: mimi, na mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu wa Kimumu, aliyekuja kila Jumamosi na chupa ya chai ya maziwa ya ng'ombe wake. Mimi nilihutubia. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba, akajua nani amelazwa hospitali na nani ana matanga. Nilimwahidi tiketi ya kuwania uwakilishi wa wadi ya kwao kwa kinywa changu mwenyewe, tena nikiwa nimesimama.

"Chairman, mimi nakutrust," akaniambia, akanimiminia kikombe kingine.

Chama kidogo kina msimu wake. Chama kikubwa kikimaliza mchujo, walioshindwa hutafuta pa kutua kabla orodha ya wagombea haijafungwa. Wiki hiyo simu yangu, ambayo kwa kawaida ilipigwa na mke wangu tu, haikupoa. Kisha magari manne yakasimama mbele ya kinu cha mahindi. Akashuka bwana mmoja aliyeangushwa kwenye mchujo wa wadi ya Kimumu, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa," akasema, "bila wewe mimi sina form."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita Mheshimiwa. Hata mbwa wangu hunisikiliza akipenda. Bwana yule hakunipa hata shilingi, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi: alinipata kwa salamu tupu. Nilimjazia cheti cha uteuzi papo hapo, kwa furaha. Jumamosi nikamweleza Mwalimu kwamba hiyo ni mikakati. Alimaliza chai yake, akafunga chupa, akaondoka.

Bwana yule alishinda. Nilitembea mjini kifua mbele, nikiamini chama kimefika. Kabla sijapata fremu ya picha yake, tayari alikuwa anaketi na wale wa chama kikubwa kwenye bunge la kaunti, na simu zangu hashiki. Miaka iliyofuata nilikaa ofisini peke yangu, nikijichemshia chai ya rungi, bila maziwa. Nilimkosa Mwalimu sana, lakini niliona haya kwenda kwake.

Msimu ukarudi. Siku moja baada ya mchujo wa chama kikubwa, nikasikia hodi. Alikuwa Mwalimu, bila chupa, ameshika karatasi ya matokeo. Alikuwa amejiunga na wale wakubwa, akagombea, akaangushwa vibaya.

"Chairman, nimeshindwa kule kwa chama kubwa," akasema, akiinyoosha karatasi mezani kwa kiganja. "Sasa na mimi nimequalify?"

Nilivuta kitabu cha vyeti, nikaanza kuandika jina lake. Kwa haraka nilikosea herufi, nikaharibu cheti cha kwanza, nikafungua cha pili.