Viko Vitatu vya Bibi Anyesi

Asubuhi za Julai kule Tlawi zilinuka majani ya tumbaku yaliyolowa ukungu. Ilikuwa harufu nzito, tamu kidogo na chungu kidogo, na iliingia ndani kabla ya jua, ikapenya blanketi, ikanikuta macho. Bustani ya tumbaku ya bibi yangu, Bibi Anyesi, ilikuwa nyuma ya zizi, juu ya samadi ya miaka mingi. Aliijua kama mtu anavyoyajua meno yake kwa ulimi. Palikuwa na tumbaku ya zizini, yenye jani nene na jeusi; palikuwa na ya darini, iliyoning'inizwa juu ya moto hadi ikawa nyepesi na kavu; na palikuwa na ya wageni, ambayo bibi aliichanganya mwenyewe, jani lake na jani lililotoka kijiji cha Gitting, kisha akaidondoshea asali. Kila moja ilikuwa na kiko chake cha udongo. Ile nzito alivutia kiko chembamba, ili imwingie polepole. Nyepesi ilikaa kwenye kiko kirefu. Ya wageni ilikuwa na kiko kipana, kwa sababu, alisema, mgeni haonyeshwi ubahili.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, baba yangu mdogo, Safari, aliamua kwamba bustani ile ing'olewe apande vitunguu saumu. "Siku hizi kiko wanavuta wazee wanne, na wawili wanakohoa," alisema. Alimcheka bibi kwa viko vyake vitatu pia. "Mama, mchagua jembe si mkulima." Bibi hakuinua hata uso. "Aliyesema hivyo hakulima kwenye mawe ya Tlawi," akajibu. Wakakubaliana kwamba neno la mwisho liwe la Babu Bura wa Gitting, kaka wa marehemu babu yangu. Ndiye aliyempa bibi kipande kile cha bustani alipoolewa, na alikuwa anakuja Jumamosi. Tangu siku hiyo bibi alilala kidogo. Nilimkuta mara mbili amesimama bustanini bila jembe, ameshika jani moja kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Ijumaa mama alinituma nisafishe vibuyu vya maziwa. Kwetu kibuyu husafishwa kwa kuni: unachoma kijiti cha mzeituni mwitu, unasugua ndani kwa ncha yake yenye kaa, hadi kibuyu kiwe cheusi na kinukie moshi mtamu. Nilipomaliza vibuyu nikaviona viko vya bibi juu ya rafu, vimejaa ukoko mdomoni kama sufuria iliyounguza wali. Niliona aibu kwa niaba yake. Mgeni mkubwa, na vyombo vichafu namna ile! Nikavikwangua vyote vitatu, nikavisuuza, nikavisugua kwa mzeituni kama vibuyu, nikavipanga vikang'aa. Niliimba nikifanya kazi hiyo.

Bibi aliingia, akatia kidole ndani ya kiko cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Akaketi.

"Umevivua nguo," alisema. "Ule ukoko ni wa miaka, mke mwenzangu. Kila kiko kilikuwa kinaijua tumbaku yake. Sasa vyote ni vigeni, kama vimetoka sokoni leo."

Nilianza kulia. Alinitazama mpaka nikanyamaza. "Machozi hayawashi kiko. Kesho utamwandalia babu yako wewe."

Babu Bura alifika na fimbo yake saa nne. Nikamwambia shikamoo. "Marahaba, mke wangu. Umekonda, wanakunyima ugali?" Watu wakacheka, mimi sikucheka. Safari alitoa hoja zake zote za vitunguu saumu, na zilikuwa hoja nzuri, mpaka mama akawa anatikisa kichwa kukubali. Babu akasikiliza, kisha akasema, "Nivute kwanza."

Nilifungua tumbaku ya wageni. Nilipoifinya, ilinigandia vidoleni. Ukungu ulikuwa haujainuka kwa wiki mbili, na asali ilikuwa imezidi kuilowesha. Nikakumbuka jinsi mama alivyofanya kuni zikiwa mbichi: hakuziachanisha, alizibananisha, moto ukashikana. Mkono wangu ukakiacha kiko kipana, ukachukua chembamba.

"Hicho sicho," bibi alininong'oneza.

"Bibi, imelowa. Kwenye kipana itazimika."

Alichukua chembe kidogo, akaisugua kati ya vidole. Bustani yake yote ilikuwa kwenye mkono wa mtoto aliyeharibu viko vyake jana. "Mpe," akasema.

Nikakijaza, nikaweka kaa juu kwa koleo. Babu akavuta. Akavuta tena. Akafumba macho, akakaa hivyo hadi Safari akashindwa kuvumilia. "Imezimika, baba?"

"Nyamaza, Safari. Hapa ni kanisani."

Moshi ulitoka mwembamba, wa buluu, na nyuma ya asali nikasikia harufu ya mzeituni. Babu alivuta hadi majivu. "Shemeji, safari hii umechanganya nini?"

"Muulize mkeo," bibi akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikayaona meno yake.

Babu akanigonga kisogoni kwa kidole, taratibu. Kisha akamgeukia Safari. "Vitunguu vyako vitapendeza kule mteremkoni, karibu na kijito. Hapa nilipatoa kwa mkono huu, sitapachukua kwa mkono huohuo." Bibi alisimama, akaenda bustanini, akarudi na jembe dogo. Akanionyesha mstari wa mwisho, ule unaopakana na zizi. "Huo ni wako," akasema. Nilitembea juu yake bila viatu, kwenda na kurudi, kama mtawala anayekagua nchi.

Bibi ametangulia. Mimi sivuti, wala simshauri mtu avute; kifua changu nakitunzia kusoma kwa sauti. Tlawi ya leo vijana wananunua sigara moja moja dukani, na mteremko wote ni kijani cha vitunguu saumu, kwa kuwa Safari alikuwa sahihi kuhusu vitunguu. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani nilimkuta, mvi kichwa kizima, akipalilia tumbaku nyuma ya zizi. Mama mmoja mzee kutoka Tumati alikuwa amekuja kuchukua fungu lake. Safari alilifinya, akalinusa, akatikisa kichwa.

"Hii bado mbichi, mama. Usiivutie kiko kipana. Tafuta chembamba, ibanane."

"Nani kakufundisha, wewe uliyetaka kuing'oa?"

Akaninyooshea kidevu. "Huyo hapo. Alikuwa na miaka kumi."