Mlango Uliotoka Kwenye Kisiki

Siku ile naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu. Biashara ya mbao ilikuwa imefunguliwa, malori ya wanunuzi yanafika hadi hapa kwetu Chala, nami nimeazima msumeno wa injini kwa mfanyabiashara mmoja wa Majengo. Nilijiona mkubwa.

Kamati ya msitu wa kijiji ilinipa mti mmoja tu wa mninga, wa kutengenezea vitanda na mlango wa chumba cha kujifungulia pale zahanati. Mama yako alikuwa na mimba yako, na chumba chenyewe kilizibwa mlangoni kwa gunia.

Niliukata mti nikiwa nimesimama wima, usawa wa kiuno. Nikaupasua mbiombio. Mbao za vitanda zikatosha, za mlango hazikutosha.

Babu Kapele, mpasuaji mbao wa zamani, akaja na msumeno wake wa mkono begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Uliogopa mti au uliogopa kuinama? Kiuno hicho unamtunzia nani?"

Watu wakacheka. Mimi, mwenye haya tangu shule ya msingi, nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa imezama kwenye unga wa mbao. Babu akauchota kiganjani. "Msumeno wako unakula upana wa kidole. Ukipita mara tatu, umemeza ubao. Wangu unakula unene wa ukucha tu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi na babu tulichimba kuzunguka kile kisiki siku mbili, tukakikata chini kabisa, utomvu mwekundu ukitulowesha mikono. Fremu ya mlango tuliipata kwenye tawi nililokuwa nimelitupa liwe kuni.

Kisha tukakipasua kisiki. Ubao wa kwanza ulipofunguka, watu wakasogea karibu. Karibu na mizizi, mistari ya mti ilikuwa imejizungusha kama shamba la ulezi likipigwa na upepo. Babu Kapele akavua kofia.

"Nimepasua tangu ujana," akasema taratibu. "Huu sijawahi kuuona."

Na mimi nilikuwa nimeuacha uoze.

Mbao hizo ndizo tulizoungia mlango; nyuma yake ulizaliwa wewe, na mlango huo bado uko pale zahanati. Leo kamati imekupa mti wako wa kwanza. Uzunguke kwanza, uone mbao zake mpaka kwenye matawi. Ukate karibu na ardhi. Kupasua, tumia msumeno mwembamba, hata ukichelewa. Mti ulianza kukua kabla yetu sote. Hautakufa kwa kukusubiri siku mbili.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mgongo usiochoka kuinama, na akuonyeshe alichokificha chini.