Injini Haichaguliwi Ikiwa ya Moto

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na vumbi la unga ndiyo harufu ya mwaka ule, nilipokuwa msichana wa kuchunga ndama kijijini kwetu, nje ya Shinyanga. Pamba ilikuwa imekubali, na Baba akaamua kutoa ng'ombe sita anunue mashine ya kusaga. Mimi ndiye niliyewaswaga hao ng'ombe. Tulipofika kwa muuzaji tuliikuta mashine inanguruma tayari, sauti nzito na tamu kama ngoma ya mavuno. Baba alikuwa mtu asiyenunua ng'ombe mnadani bila kumwona alfajiri, maana wajanja huwanywesha maji ya chumvi matumbo yavimbe, waonekane wamenona. Siku ile akili hizo zote alizisahau. Alisikiliza, akatabasamu, akakabidhi kamba.

Kesho yake wanawake walijipanga na mahindi yao. Baba akazungusha hendeli mpaka shati likamgandia mgongoni. Mashine ikakohoa moshi mweupe, ikanyamaza. Ikawa hivyo kila asubuhi: ikishapoa, imekufa. Wanawake wakarudi kwenye mawe yao ya kusagia, na jirani yetu Mama Kulwa akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Baba Nyanzala, wale ng'ombe wako walikuwa wanaamka wenyewe." Jioni Baba aliniita, akaniambia, "Ng'wana wane, kumbe hata chuma hunyweshwa chumvi. Dizeli iguse ikiwa baridi." Shule niliishia darasa la tatu, lakini somo hilo sikulihitaji ubaoni.

Mwaka huu mwanangu Masanja alitaka gari kubwa la dizeli, la viti saba. Alisema dizeli ina nguvu, haili mafuta hovyo, na itavumilia safari zake za Geita. Sikubishana naye. Ila ng'ombe wa kuuzwa walikuwa wangu, kwa hiyo nilipanda naye basi hadi Kahama. Gari lilikuwa linang'aa. Niliweka kiganja juu ya boneti. Moto.

"Shikamoo bibi. Nimelipasha kidogo tu, msisubiri," akasema dalali.

"Marahaba. Zima. Mimi nina muda."

"Bibi, hii ni injini ya kompyuta, si mashine ya mahindi."

"Na kompyuta itapoa."

Nikaomba kiti cha plastiki, nikaketi mbele ya gari, asije mtu akaliwasha kwa siri. Masanja alininong'oneza, "Mayu, unaniaibisha." Nikamwambia aibu ya kukaa kitini ni ndogo kuliko ya kusukuma gari Geita. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi sioni haya kushtuka.

Alasiri niligusa tena. Baridi. Dalali akazungusha ufunguo mara moja, mara mbili, mara nne. Gari likakohoa moshi mweupe, na mimi nikamsikia Mama Kulwa.

"Labda ni baridi," akasema dalali, jua la Kahama likituchoma migongo.

Masanja ndiye aliyecheka kwanza, kisha akanishika mkono tukaondoka. Bado anatafuta gari, na mimi nitakwenda na kiganja changu, waseme watakavyo. Baba alilipa ng'ombe sita kwa somo hilo. Wangu wako zizini, na asubuhi wanaamka wenyewe.