Bega la Mbuzi na Kipimo cha Damu

Kilichoninyima usingizi ni bega la mbuzi. Kwetu, siku ya ngurario, harusi yetu ya kimila, bwana harusi hukata nyama ya bega, tunayoiita kiande, akamlisha bibi harusi mbele ya wazee wa pande zote mbili. Akitafuna, ameolewa. Asipotafuna, hakuna kilichofanyika, hata kama mahema yamesimama na wageni wameshiba. Zamu yangu ilikuwa imekaribia, nami sikujua kama kipande hicho kingenifanya mke wa mtu au maiti.

Najua inavyosikika. Mimi ni mtu wa kurudi kutoka barabarani kuhakikisha nimefunga mlango. Mtu akiniandikia "sawa" bila neno jingine, nashinda nikijiuliza nimemkosea nini. Kwa hiyo mwili wangu ulipoanza kutoka mabaka, wa kwanza kunishuku nilikuwa mimi mwenyewe. Lakini midomo haivimbi kwa mawazo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nikakosa kazi, nikarudi Ngoingwa kumsaidia baba na ng'ombe wake wa maziwa. Nilipewa kazi ya kukata majani kando ya mto Chania, chini ya maporomoko ambayo wageni huja kuyatazama wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Wao huondoka na picha. Mimi niliondoka na kupe miguuni. Niliwang'oa, nikawaponda kwa jiwe, nikawasahau, isipokuwa mmoja aliyeniuma nyuma ya goti na kuniachia mwasho wa wiki kadhaa.

Baada ya hapo, nikila mbuzi mchana, usiku navimba. Nikila kuku, salama. Samaki, salama. Nilichelewa kuliona hilo, maana nani hulaumu chakula cha mchana kwa shida ya usiku? Kisha nikasoma kwamba wapo watu ambao kupe akishawauma, miili yao huanza kuikataa nyama nyekundu, na kwamba shida huja saa kadhaa baada ya kula. Kuna kipimo cha damu cha kuithibitisha.

Nikafanya ujinga wa kuwaambia watu wetu.

Kundi la WhatsApp la kupanga ngurario likageuka hospitali ya rufaa. Tata, dada yake baba, akasema ni vidonda vya tumbo, ninywe maji ya kabeji. Mama mmoja wa kanisani, ambaye hadi leo sijui aliingizwa humo na nani, akaandika kwamba dalili hizo anazijua na kwamba mtoto ni baraka. Binamu yangu akaona namuogopa mama mkwe tu, kwa sababu mchumba wangu ametoka Membley, mtaa wa wenye pesa kule Ruiru, ambako ukifika getini mlinzi anakuuliza unaenda kwa nani kana kwamba unaomba viza.

Baba mdogo hakuandika. Alituma sauti.

"Kupe huuma ng'ombe kila siku. Umewahi kuona ng'ombe akivimba mdomo? Basi!"

Akawekewa vidole gumba na ukoo mzima, kana kwamba amesema kitu.

Ni yeye aliyeamua nipimwe kienyeji. Jumapili baada ya ibada alichinja mbuzi nyumbani kwetu, wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja, wao wakanizunguka. Nilikubali kwa sababu ya shaka yangu ileile: huenda wao ndio wako sawa, huenda mgonjwa ni akili yangu.

"Kula, mrembo, tukuone," akasema baba mdogo.

Nikala.

"Toa ulimi," tata akaamuru. Nikautoa. "Huu ni mzima. Unajikuna wapi?"

"Bado, tata. Niliwaambia inachukua saa kadhaa."

"Saa kadhaa!" Baba mdogo akapiga paja. "Ni sumu gani hiyo inangoja apointimenti?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na mtura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu. Kisha jopo hilo la mabingwa, mafuta yakiwateremka hadi kwenye viwiko, likammaliza mbuzi: mbavu, supu, hata kichwa. Waliposhiba walinitangaza mzima, wakaomba sala ya shukrani, wakaenda zao. Nadhani tata alikuwa anavua viatu kwake wakati mabaka yalipoanza kunipanda kutoka tumboni kwenda shingoni. Baba alinibeba kwa boda boda hadi kliniki, mimi katikati yake na dereva, nikivuta pumzi kama mtu anayenywa uji kwa mrija. Nilidungwa sindano, nikalala huko.

Kesho yake nilituma picha ya uso wangu kwenye kundi.

"Hiyo ni filta," binamu akajibu.

"Utakuwa ulikula kitu kingine tulipoondoka," akaandika tata.

Watu waliokaa mchana kutwa wakingoja mbuzi aive hawakuweza kungoja ateremke tumboni.

Nikaenda Ruiru peke yangu, kwa daktari wa aleji aliyekuwa juu ya duka la mabati. Msichana wa mapokezi aliniuliza kama ugonjwa huo si wa wazungu. Daktari, mama mmoja aliyeonekana kuchoka, aliniuliza swali ambalo kundi zima halikuwahi kuuliza: ulikula saa ngapi, na ukavimba saa ngapi? Akanitoa damu, akasema itapelekwa nje ya nchi, nisubiri.

Kusubiri kuliniharibu. Niliogopa majibu yangesema sina kitu, na siku moja nilijikuta naomba Mungu niwe mgonjwa, ili nisiwe kichaa. Sijui kama sala ya namna hiyo huhesabiwa.

Majibu yakaja: aleji ya nyama ninayo.

"Kipimo peke yake si hukumu," daktari akasema. "Wapo wenye majibu kama haya na wanakula vizuri. Lakini ukiyaweka pamoja na ile Jumapili yako, hakuna haja ya kubahatisha. Acha ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Supu pia. Na usiumwe tena na kupe."

"Hata kipande kidogo?"

"Kidogo cha nini?"

"Cha kuolewa."

Akafunga kalamu yake. "Mwambie akukatie kuku."

Kutoka hapo nilienda moja kwa moja Membley. Nilimkuta mchumba wangu na mama yake sebuleni, nikawawekea karatasi ya majibu mezani, nikawaeleza yote, pamoja na kuku.

"Kuku?" Mama mkwe hakuigusa ile karatasi. "Wazee wetu wavae kofia zao waende mpaka Ngoingwa kutazama kuku akikatwa? Haiya! Si utameza dawa kwanza, mwanangu, halafu utafune kidogo tu? Watu waone mdomo ukienda."

Nikamgeukia mwanawe. Alikuwa akichezea funguo za gari.

"Ni kipande kidogo tu, babe," akasema. "Kwa heshima ya mathe. Na kwenu hospitali iko karibu."

Nimesema mimi hugeuza kila neno. Nililigeuza hilo pia, huku nikinywa chai yao, nikilitafutia upande mzuri. Hospitali iko karibu. Maana yake alikuwa ameshalifikiria. Alikuwa ameniona nikianguka mbele ya wageni, akapima umbali, akaridhika nao. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amefikiria jambo hadi mwisho.

Nilikunja karatasi yangu, nikashukuru kwa chai, nikatoka. Pale getini nilimpigia baba, nikamweleza. Akasema, "Rudi nyumbani. Majani nitakata mimi." Baada ya hapo nikalifungua kundi, ambamo walikuwa wakibishana kuhusu rangi ya mahema.

"Ngurario haipo," nikaandika. "Msikodi mahema. Kuna mtu wa Membley anayetaka kuona mdomo ukienda, mpelekeeni tata akatafune."

Baba mdogo akaanza kurekodi sauti. Sikumngoja amalize. Nikatoka kwenye kundi.